Koti la maabara linalohimili moto: lipi, la nani, na litunzwe vipi

Swali: Mimi ni fundi sanifu katika maabara ya chuo kimoja Morogoro. Tunakamua mafuta ya mbegu na viini vya mimea kwa heksani na ethanoli. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza nao wanatumia taa za spiriti na vichomeo vya gesi. Juzi mkono wa koti la mwanafunzi mmoja ulishika moto. Tuliuzima, akabaki na malengelenge kwenye kifundo cha mkono. Sasa nimepewa fedha za makoti mapya. Muuzaji mmoja anaapa kwamba makoti yake hayashiki moto, lakini lebo ya ndani inasema poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35. Mwingine anauza ya Nomex, kitambaa cha nyuzi za kiwandani zinazohimili moto, na kwa bei yake fedha yote itaishia kwenye makoti machache tu. Mkuu wa idara anasema pamba tupu inatosha. Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa yaliyowakuta, na umpe pole mwanafunzi. Nianze na jibu lenyewe. Mkuu wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa ya makoti unayohitaji, ila si kwa yote. Kwa muuzaji wa kwanza usinunue hata koti moja la kuvaliwa karibu na moto. Na yule wa Nomex huenda usimhitaji kabisa, maana katikati ya pamba tupu na Nomex kuna koti la tatu ambalo naona hakuna aliyekutajia: la pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto. Ningekuwa na fedha zako, wanafunzi wote ningewavalisha pamba asilimia 100, na wale wachache wanaokaa na heksani kwa lita ningewanunulia hayo ya pamba yenye dawa.

Sasa sababu, na nianze na hilo koti la asilimia 65 kwa 35, kwa kuwa ndilo limejaa madukani na ndilo linaloumiza watu. Wengi hudhani pamba ikichanganywa na poliesta inaipunguzia hatari. Ni kinyume chake. Poliesta ikiwa peke yake huyeyuka ikikaribia nyuzi 260 za Selsiasi, hujikunja kuukimbia mwali, na pengine hudondoka chini na moto wake. Pamba haiyeyuki. Vikichanganywa, nyuzi za pamba hubaki zimesimama na kuishikilia poliesta iliyoyeyuka ndani ya mwali, kama utambi unavyoshikilia mafuta ya taa. Kitambaa kinawaka kwa nguvu, na ile plastiki iliyoyeyuka inagandia ngozi na kuendelea kuichoma hata moto ukishazimwa. Koti hilo linapendwa kwa sababu halikunjamani, linakauka upesi na bei yake ni nafuu. Kwa chumba cha mizani au cha hadubini, sawa. Karibu na taa ya spiriti, hapana.

Usibishane na muuzaji kwa maneno. Omba kipande cha upindo wa ndani, au chomoa nyuzi chache, uzipeleke nje mbali na kemikali yoyote. Zishike kwa koleo juu ya sahani ya mchanga, kisha uziwashe. Pamba tupu huwaka kwa mwali wa manjano, hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini la kijivu linalopukutika ukiligusa. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu kama shanga. Mchanganyiko huwaka kama pamba na kuacha vitone vigumu katikati ya jivu. Pamba yenye dawa hubadilika kuwa mkaa mweusi mahali mwali ulipogusa, na ukiuondoa mwali, moto unakoma hapo hapo. Jaribio hili halichukui nafasi ya cheti, nitakuja huko, lakini linamfichua mwongo mapema.

Koti la pamba linawaka, na hilo lisifichwe. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21, na pamba inahitaji karibu asilimia 18 tu ili iendelee kuungua. Kwa hiyo ikishawaka haitajizima yenyewe. Faida yake ni nyingine: haiyeyuki, haigandi mwilini, na inavuliwa ikiwa bado nguo. Hivyo pamba ni kiwango cha chini kinachokubalika, na kwa mwanafunzi anayepasha mililita chache kwenye mrija kwa kichomeo, chini ya macho ya mwalimu, ni kiwango kinachotosha. Chagua kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana. Pamba nyembamba, au yenye manyoya kama flaneli, moto hukimbia juu yake.

Pamba yenye dawa hufanya kazi kwa njia ambayo inafaa uielewe, kwa sababu ndiyo itakayokuongoza kwenye ufuaji. Dawa nyingi za aina hii ni za fosforasi zilizofungamanishwa na nyuzi zenyewe. Joto likipanda, fosforasi huifanya pamba igeuke mkaa na maji badala ya kutoa gesi zinazowaka. Bila gesi hizo mwali hauna chakula. Nomex nayo haitiwi dawa yoyote. Ni aramidi, nyuzi zilizoundwa tangu mwanzo zisiyeyuke na zisiendelee kuwaka kwenye hewa ya kawaida: zinahitaji oksijeni ya karibu asilimia 28. Kampuni ya DuPont iliitengeneza nyuzi hii, ikaingia sokoni miaka ya 1960. Ile inayoitwa Nomex IIIA ni aramidi hiyo asilimia 93, aramidi ngumu zaidi asilimia 5, na asilimia 2 ya nyuzi za kuondoa umeme tuli. Ubora wake ni kwamba kinga iko ndani ya uzi na haiondoki kwa kufuliwa. Ubaya wake ni bei, na pia kwamba asidi kali huidhoofisha.

Kuna jambo linalosahaulika hata na wataalamu: koti linalohimili moto halizuii moto wa kimiminika kilichomwagika juu yake. Ukimwagikiwa heksani kifuani na ikawaka, itawaka juu ya Nomex kama inavyowaka juu ya meza mpaka iishe, na joto litapita hadi kwenye ngozi. Koti linachofanya ni kutokuwa kuni za ziada, na kukupa sekunde chache za kulivua au kufika kwenye shawa. Jaribio kuu la Marekani la mavazi ya kinga dhidi ya mlipuko mfupi wa moto, lile la kiwango cha NFPA 2112 (NFPA ni shirika la Marekani la kujikinga na moto), huweka vazi kwenye sanamu yenye vihisio na kulizungushia moto kwa sekunde 3. Sekunde hizo 3 zikukumbushe vazi limeundwa kwa ajili ya nini.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moto gani unaoweza kukutokea, ndipo uje kwenye koti. Na hapa nataka tukae kidogo na heksani yako, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko taa za wanafunzi. Mvuke wa heksani unaweza kuwashwa hata kimiminika kikiwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ethanoli tupu inahitaji kama nyuzi 13 tu. Morogoro hakuna siku iliyo chini ya hapo, maana yake chupa yoyote iliyo wazi mezani kwako ina mvuke ulio tayari kuwaka. Mvuke wa heksani ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa, hivyo haupandi juu ukapotea: unatambaa juu ya meza, unashuka sakafuni na kuifuata taa iliyo upande wa pili wa chumba. Tena heksani hujiwasha yenyewe, bila cheche wala mwali, ikigusa kitu chenye joto la nyuzi 225 hivi. Uso wa jiko la umeme la maabara unapita hapo kwa urahisi. Kama mnachemshia heksani moja kwa moja juu ya jiko la bapa, badilisheni kwanza hilo kabla ya kununua koti lolote. Tumieni beseni la maji ya moto lenye kidhibiti joto, kwa kuwa heksani huchemka kwenye nyuzi 69 na maji yanatosha kabisa, na mtambo wote ukae ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Siku ya kukamua kwa heksani, taa ya spiriti isiwashwe katika chumba hicho. Koti huja nyuma ya haya yote.

Ajali iliyobadilisha fikra za watu kuhusu makoti ilitokea Los Angeles tarehe 29 Desemba 2008, katika maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha California. Msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alikuwa anavuta kwa bomba la sindano kemikali ya lithiamu inayojiwasha ikigusa hewa. Kisukumio cha bomba kikachomoka, kemikali ikamwagika na kuwaka, na heksani iliyokuwa karibu ikashika. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alikuwa na sweta la nyuzi za plastiki, na ndilo lililoendelea kuungua mwilini mwake. Alifariki siku 18 baadaye, tarehe 16 Januari 2009. Baada ya hapo chuo hicho kiliweka kanuni mpya za vifaa kinga kwa maabara zake, na makoti yanayohimili moto yakawa sehemu ya kanuni hizo kwa wanaoshika kemikali zinazojiwasha. Naitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sweta: nguo ya kawaida ya mtu iliuongezea nguvu moto ulioanzishwa na kemikali. Ya pili ni kwamba kazi ya namna hiyo, ya lithiamu na wenzake, ndiyo inayodai Nomex au koti la hadhi hiyo bila mjadala. Katika swali lako sioni kazi hiyo. Siku mkiianza, nunueni hata koti moja tu la aramidi, liwe la mtu huyo na kazi hiyo.

Sasa tugawanye. Mwanafunzi wa taa ya spiriti na kichomeo: pamba tupu. Anayekaa na kifaa cha Soxhlet (kile cha kukamulia mafuta kwa kimiminika kinachochemshwa), anayemimina heksani au ethanoli kwa lita, anayekausha viini kwa kuvukiza kimiminika, anayejaza taa za spiriti kutoka kwenye dumu: pamba yenye dawa. Hawa wa mwisho watu hawawafikirii, ilhali kujaza taa ambayo bado ina moto, au iliyozimwa sasa hivi, ni moja ya njia rahisi za kuchoma chumba. Anayefanya kazi ya asidi kali tu, bila moto, asivae koti la kuhimili moto akidhani amekingwa. Asidi ya salfa hutoboa pamba kwa dakika chache, iwe na dawa au isiwe nayo. Yeye anahitaji aproni ya mpira juu ya koti. Na kama asidi na moto viko meza moja, yapo makoti yanayouzwa kwa ajili ya vyote viwili, ila lebo yake lazima itaje viwango viwili, cha moto na cha mrusho wa kemikali.

Hapo ndipo penye lebo. Kwa soko letu, ambako bidhaa zinatoka Ulaya, China, India na Ghuba, viwango utakavyokutana navyo zaidi ni vya ISO, shirika la kimataifa la viwango. ISO 11612 ni cha mavazi ya kujikinga na joto na mwali. Chini ya alama ya mwali utaona herufi. A1 au A2 ni kuenea kwa mwali na lazima iwepo. B ni joto la hewa ya moto, C ni joto la mng'ao, na zinaendelea hadi F. Koti halali la kiwango hiki lina A na angalau moja ya hizo nyingine. ISO 14116 ni kiwango chepesi zaidi, cha vazi lisiloeneza moto, na kina ngazi ya 1, 2 na 3. Hapa uwe macho. Ngazi ya 1 inaruhusu kitambaa kitoboke kinapopigwa mwali, na haitakiwi kuvaliwa ikigusa ngozi bali juu ya vazi la ngazi ya 2 au 3. Makoti mepesi ya kuvaa mara moja na kutupa, yanayotangazwa kuwa ya kuhimili moto, mara nyingi ni ya ngazi hii. Kwa heksani yako tafuta ISO 11612, au ISO 14116 ngazi ya 3. Yale makoti meupe ya kutupa yasiyo na kiwango chochote, ya polipropilini, huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Yasiingie chumba chenye moto.

Mwambie muuzaji akuletee cheti, si kipeperushi. Cheti kina jina la maabara iliyopima, namba ya kiwango na mwaka wake, jina la modeli ya koti, na aina ya kitambaa. Linganisha na lebo iliyoshonwa ndani ya koti lenyewe: vikitofautiana hata modeli, rudisha. Maneno "halishiki moto" bila namba ya kiwango hayana uzito wowote. Na usishtuke ukiona lebo ya pamba asilimia 88 na nailoni asilimia 12 yenye ISO 11612. Kipo kitambaa cha namna hiyo kinachotiwa dawa baada ya kufumwa, nailoni ikiwekwa kidogo ili kisichakae upesi, na kimepimwa kikiwa hivyo. Kinachohukumu ni kipimo cha kitambaa kizima.

Najua kishawishi cha kununua jora la pamba yenye dawa na kumpa fundi cherehani wa mtaani. Kwa makoti ya wanafunzi ya pamba tupu, mpe bila wasiwasi, ila umsisitizie uzi wa pamba. Kwa makoti ya kuhimili moto sikushauri, kwa sababu fundi atashonea uzi wa poliesta alionao, na uzi huo ukiyeyuka mishono inaachia na koti linafunguka kifuani wakati unalihitaji. Makoti yaliyopimwa hushonwa kwa uzi wa aramidi. Kwa sababu hiyo hiyo msibandike nembo ya chuo ya plastiki mgongoni wala msitarizi majina kwa uzi wa poliesta. Jina liandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye upindo.

Kuhusu mshono wenyewe: mikono ifike kwenye kifundo na ibane, kwa sababu mkono wa koti uliopwaya ndio unaopita juu ya mwali bila mwenyewe kuona, na nahisi ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi wako. Urefu ufike magotini, shingo ifungike. Vifungo viwe vya kubonyeza, si vya matundu, ili mtu akivuta kwa mkono mmoja koti lote lifunguke. Na nunua saizi za watu waliopo. Mwanamke mwembamba akipewa koti la mwanamume mnene atakunja mikono, na mkono uliokunjwa umeacha wazi sehemu ile ile iliyoungua.

Joto la kwetu nalo ni sababu halali ya kuchagua. Koti zito likiwa kero, litaachwa wazi kifuani au litaning'inia msumarini. Kati ya koti la pamba lililofungwa vifungo vyote na koti la aramidi lililoachwa wazi, mimi nachukua la pamba. Kabla ya kununua yote, nunua moja, livaliwe wiki nzima mbele ya kabati la kuvuta mvuke, kisha uulize aliyelivaa.

Chini ya koti ndipo ninapoomba usikilize zaidi, kwa kuwa hapa hakuna fedha inayohitajika. Jezi ya mpira ni poliesta. Taiti ni nailoni au poliesta. Vitenge vingi vya bei ndogo sokoni ni poliesta iliyochapishwa, ingawa kitenge chenyewe kwa asili ni pamba. Joto likipita kwenye koti, hivi vitayeyuka juu ya ngozi hata kama koti halijawaka. Siku ya maabara wanafunzi wavae pamba: fulana ya pamba, jinzi, khanga ya pamba kama kitambaa cha kichwa. Nguo ya mtumba isome lebo kabla ya kuinunua. Viatu viwe vya ngozi, vya kufunika mguu wote.

Kuhusu hijabu, zungumza na wanafunzi wa kike wenyewe, kwa heshima, usibandike amri mlangoni. Mitandio ya shifoni na ya kuvutika kwa kawaida ni poliesta, nayo iko karibu na uso na shingo. Hijabu ya pamba nzito, fupi, iliyoingizwa ndani ya shingo ya koti, inamaliza tatizo bila kumvunjia mtu heshima yake, na idara inaweza kushona kadhaa zikawekwa pamoja na makoti. Baibui la mikono mipana lisivaliwe juu ya koti. Nywele za kusukia ni habari hiyo hiyo: mnaowaona wasusi wakiziba ncha za rasta kwa moto au maji ya moto mnajua nyingi zinavyoyeyuka. Zifungwe nyuma na ziingizwe ndani ya koti au kofia ya pamba.

Glavu za nitrili zinawaka pia, na mbaya zaidi ni mtu aliyepaka kitakasa mikono au aliyepangusa meza kwa spiriti kisha akaenda moja kwa moja kwenye mwali. Ethanoli huwaka kwa mwali hafifu, na methanoli mchana karibu haionekani kabisa. Mtu anaungua kabla ya kuona moto.

Ufuaji sasa, kwa sababu makoti mengi ya pamba yenye dawa hufia kwenye beseni. Jiki hairuhusiwi kabisa, hata tone la kuondoa doa: klorini huvunja ile dawa ya fosforasi, na huidhoofisha aramidi vilevile. Viondoa madoa vya oksijeni navyo viache. Dawa za kulainisha na kunukisha nguo huacha utando wa mafuta unaowaka. Stachi nayo ni wanga, yaani chakula cha moto. Na sabuni ya mche, tunayoipenda sote, ina tatizo lake: ikikutana na maji magumu ya kisima hutengeneza ukoko mweupe wa mafuta unaokaa ndani ya nyuzi, na ukoko huo unawaka. Tumieni sabuni ya unga ya kawaida isiyo na kiondoa rangi, maji ya mvua au ya bomba kama yanapatikana, na msuuze mpaka maji yawe safi. Aramidi ianikwe kivulini, maana jua huidhoofisha. Koti lenye doa la mafuta lifuliwe kabla ya kuvaliwa tena. Lililomwagikiwa kemikali livuliwe papo hapo, na lisipelekwe nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto. Idara itenge beseni lake au mashine yake.

Muulize muuzaji kitambaa kimehakikishwa kwa kufuliwa mara ngapi, kisha andikeni kila ufuaji kwenye daftari kwa namba ya koti. Idadi ikifika, koti linaondoka kazini hata kama bado linang'aa. Kwa sababu hiyo ovaroli la mtumba lenye lebo ya kuhimili moto silipendekezi. Lebo inaweza kuwa ya kweli, lakini hujui lilifuliwa mara ngapi wala kwa sabuni gani.

Kuhusu fedha, usikubali gharama hii iangukie wanafunzi au mafundi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa vifaa kinga, na wasomaji wetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2007 yenye wajibu kama huo. Ukiandika barua ya kuomba nyongeza, itaje sheria, eleza kiasi cha heksani mnachotumia kwa wiki, na ambatanisha taarifa ya ajali ya mwanafunzi wako.

Jambo moja la mwisho kabla ya kuagiza. Kagua shawa ya dharura. Fungua leo uone kama inatoa maji. Kama maji hukatika, wekeni pipa la lita 200 lililojaa, na ndoo, hatua chache kutoka kwenye kabati, pamoja na blanketi la kuzimia moto ukutani. Mtu akishika moto asikimbie: chini ya shawa kama iko karibu, la sivyo alale na abingirike, na mwenzake amfunike kwa blanketi. Kisha maji yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, si dawa ya meno wala asali wala ute wa yai, na hospitali.

Makoti ya poliesta mliyonayo sasa, kama yapo, msiyatupe. Yawekeeni mstari wa rangi kwenye mfuko wa kifuani, yabaki ya chumba cha mizani na cha hadubini, na wekeni ndoano zake upande wa pili wa mlango wa chumba chenye moto, ili mtu ayavue kabla ya kuingia.